WAKENYA WANASHIKWA, SERIKALI INAOMBA MSAMAHA!

Msomaji, hebu toa kitambulisho chako mfukoni ukiangalie. Kadi hiyo hiyo tu, bila pasipoti, inakuvusha Busia au Malaba ukatafute mali ya kuuza, ukamwone mjomba, ukarudi jioni. Ndiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki tunayoimbiwa kila siku. Sasa niulize: ukishikwa huko ng'ambo ya mpaka na askari kanzu usiowajua, nani atakutafuta?

Usinijibu haraka. Sikiliza kwanza.

Oktoba 1, 2025, Bob Njagi na Nicholas Oyoo walikuwa kwenye kituo cha petroli huko Kireka, Kampala. Walikuwa wamekwenda kumuunga mkono Bobi Wine katika kampeni zake. Watu wenye bunduki wakawasukuma ndani ya gari, wakatoweka nao. Mawakili walipokwenda mahakamani kutaka waonyeshwe, jeshi na polisi wa Uganda wakakana katakata kwamba wanao. Siku ya kwanza, hawako. Wiki ya pili, hawako. Mama zao wakilala macho, Nairobi ikisema "tunafuatilia". Baada ya siku 38, Novemba 8, wakarudi nyumbani. Na hapo ndipo Museveni mwenyewe alipotangaza hewani, bila haya, kwamba vijana wale walikuwa kwake muda wote, kwamba ni mabingwa wa fujo, na kwamba waliwekwa kwenye friji siku kadhaa!

Friji, ndugu yangu. Mkenya kama kilo ya nyama.

Wasomi wa Jumuiya watuambie: aliyesema mahakamani kwamba hawako alikuwa akimdanganya nani? Na Nairobi ilimwita balozi wa Uganda ikamuuliza mbele ya wananchi? Kama ilimwita, mimi na wewe hatukusikia.

Najua kuna mzee atasema, "Walitafuta nini katika siasa za watu?" Mzee, shikamoo, lakini kama walivunja sheria kulikuwa na mahakama. Mshitaki, mpe wakili, aje ofisa wa ubalozi amwone. Mkataba wa Vienna wa 1963 unasema mgeni akikamatwa aelezwe haki yake ya kuwasiliana na ubalozi wake. Mimi nimeishia kidato cha nne tu na hilo nalijua. Wenye shahada za sheria kule serikalini hawajui?

Tena wengine hawakwenda hata kwenye kampeni. Boniface Mwangi alikwenda Dar es Salaam Mei 2025 kutazama kesi ya Tundu Lissu, kesi ya mahakama ya wazi! Akakamatwa Mei 19 pamoja na Agather Atuhaire wa Uganda. Mei 22 Mwangi akapatikana ametupwa Kwale, hawezi kutembea vizuri. Wote wawili walieleza hadharani kwamba waliteswa na kudhalilishwa kimwili kwa namna ambayo sitaiandika hapa. Polisi wa Dar wakayapuuza madai hayo. Al-Amin Kimathi naye alikwenda Kampala Septemba 2010 kufuatilia kesi ya Wakenya waliopelekwa huko baada ya mabomu ya Julai mwaka huo. Akafungiwa mwaka mzima, kisha akaachiliwa bila kesi yake kusikizwa.

Na serikali yetu ilifanya nini baada ya Mwangi kutupwa kama gunia? Mei 28, siku sita tu baadaye, Rais Ruto alisimama kwenye maombi ya kitaifa akawaomba Watanzania msamaha, eti kama tumewakosea. Waganda nao wakaongezwa humo humo. Aliyepigwa ni wetu, na anayepiga magoti ni wetu!

Lakini msomaji, usishangae sana. Njagi huyo huyo alitekwa Kitengela Agosti 19, 2024, hapa hapa Kenya, pamoja na ndugu wawili. Siku 32. Mahakama Kuu ikamwita Kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi aje aeleze wako wapi, akapuuza mpaka jaji akamhukumu miezi sita kwa kuidharau korti. Wiki iliyofuata vijana wakaonekana. Siku 32 nyumbani, 38 kwa jirani. Na Novemba 2024 Kizza Besigye alinyakuliwa hapa Nairobi, akaibukia mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Sasa mwenye mlango wazi kwa wezi atamgombezaje jirani kwamba kuku wake wameibwa? Museveni akiambiwa "mrudishe Njagi", si atacheka?

Kuna njia, wasikudanganye kwamba hakuna. Mkataba wa Jumuiya, kifungu cha 28, unairuhusu nchi mwanachama kuishitaki nchi nyingine mwanachama kwenye mahakama yetu ya Arusha. Julai 2025 Mwangi na Atuhaire walikwenda Arusha wenyewe, wakisaidiwa na mashirika ya haki, kuishitaki Tanzania. Katika orodha ya walalamishi kuna watu na mashirika. Jamhuri ya Kenya haimo. Mbunge wako akija mtaani wikendi hii na fulana na unga wa kilo mbili, pokea unga, kisha umuulize kwa nini.