Mwanao Akipata Kibarua cha Makumbusho

Mwanao akirudi kutoka chuoni na kukwambia kwamba amepata kibarua cha miezi mitatu katika makumbusho ya historia, na kwamba atakuwa akishinda kutwa akiingiza karatasi kuukuu kwenye kompyuta, usimuulize, "Na hiyo nayo ni kazi?" Wazazi wengi wa mjini huuliza hivyo. Walitarajia benki au ofisi ya wakili, mahali penye tai na zulia. Makumbusho kwao ni pahali pa kuwapeleka watoto wa shule ya msingi wakatazame nyoka.

Hapa Nairobi, mtu akitaka kukutana na mwenzake mjini humwambia wakutane "Archives". Maelfu husimama kila siku mbele ya jengo hilo la Moi Avenue, lililokuwa benki zamani, wakitazama saa na kungojea watu wao. Ni wangapi kati yao waliowahi kupanda ngazi na kuomba faili? Humo ndani mna barua za madisi wa kikoloni, kumbukumbu za mabaraza, ramani za mashamba na picha. Makumbusho nayo yana ghala kama hizo nyuma ya vyumba wanavyotembezwa wageni, na sehemu kubwa ya vilivyomo haionyeshwi kamwe.

Kama unadhani karatasi hizo ni takataka, kumbuka kesi ya wazee wa Mau Mau. Mwaka 2011, kesi hiyo ikiwa mbele ya mahakama ya London, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha mafaili iliyoyatoa katika makoloni yake, ya Kenya yakiwemo, wakati wa uhuru. Mafaili hayo yalieleza waliyotendewa watu kambini. Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wazee 5,228. Wazee walikuwa wamesema hayo miaka mingi bila kusikizwa. Karatasi ndizo zilizowatilia nguvu.

Sasa kazi yenyewe. Kijana hupewa boksi. Hulifungua, akahesabu kurasa, akatoa pini zilizoshika kutu kwa uangalifu ili asirarue pembe. Mikono huoshwa na kukaushwa. Glavu ni za picha na negativu, kwani kwenye karatasi kavu humfanya mtu asihisi anachokishika. Ukurasa mmoja mmoja huwekwa kwenye skana. Kitabu kilichoshonwa hakikandamizwi, hupigwa picha kwa kamera kutoka juu kikiwa kimeegemezwa. Maandishi ya kawaida hutosheka na vitone 300 au 400 kwa inchi, picha ndogo huhitaji 600 au zaidi. Nakala kuu huhifadhiwa bila kubanwa, na nyingine nyepesi hutengenezwa kwa wasomaji. Kila nakala hupewa nambari inayolingana na ile ya boksi, maana picha elfu kumi zisizo na nambari ni sawa na hakuna.

Hadi hapo ni uvumilivu tu. Ujuzi huanza pale anapotakiwa kuandika maelezo: barua hii ni ya nani, aliandikiwa nani, lini, wapi, inahusu nini. Mashine haiwezi kumwambia kwamba jina la kijiji lililoandikwa na karani Mwingereza kwa kubahatisha ni kijiji kile kile cha nyanya yake. Kijana aliyesoma madrasa Mombasa au Lamu anaweza kusoma barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu ambayo mwenzake mwenye shahada mbili ataiona kama michoro. Yule wa kutoka Turkana atajua kwamba pambo alilovaa mzee kwenye picha si "urembo" tu. Na akikuta chini ya picha maneno ya dharau ya enzi hizo, hatakiwi kuyafuta. Huyanakili kama yalivyo, kisha mahali pake huandika maelezo ya heshima. Dharau hiyo nayo ni ushahidi.

Hapa ndipo nafika kwenye malipo, na sitaki kuzungukazunguka. Mwanafunzi wa kazi hii alipwe. Mpango wa serikali wa wanagenzi huwapa posho waliokwisha kufuzu, lakini aliye bado chuoni, akienda kwa mafunzo ya nyanjani, mara nyingi huambulia barua ya shukrani. Nauli ya kutoka Kayole kwenda na kurudi, chakula cha mchana na kodi ya chumba hulipwa na nani? Na mzazi, ambaye karo ya muhula bado haijamtoka kichwani. Asiyeweza humwambia mwanawe arudi nyumbani akatafute kibarua cha mjengo. Basi makumbusho hubaki na wale tu ambao baba zao wanaweza kuwalisha. Sisemi hao hawana akili. Nasema tu kwamba mtoto wa Lamu au wa Lodwar, ambaye hana jamaa wa kumlaza Nairobi, ndiye wa kwanza kukosa, na maboksi ya kwao huandikiwa maelezo na asiyeyaelewa.

Wenzetu wameanza kuliona jambo hili. Mwaka 2019 chama cha wakurugenzi wa makumbusho ya sanaa ya Marekani kilipitisha azimio la kuyahimiza makumbusho yawalipe wanagenzi wake, kikikiri kwamba kazi ya bure huwafungia mlango wasio na uwezo. Azimio si sheria, lakini ni mwanzo.

Kuna wanaodhani kwamba kitu kikishaingia kwenye kompyuta, kimeokoka. Hapana. Oktoba 2023 wahalifu wa mtandao waliivamia British Library ya London, na kwa miezi mingi wasomaji hawakuweza kufikia sehemu kubwa ya hazina zake za dijitali. Maktaba hiyo ndiyo iliyosaidia kupiga picha vitabu vya mkono vya Msikiti wa Riyadha, Lamu, kupitia mradi wake wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Ndiyo maana nakala huwekwa mahali zaidi ya pamoja, na ndiyo maana karatasi yenyewe haitupwi hata baada ya kupigwa picha.

Wewe mwanafunzi uliyeitwa, kabla ya kutia sahihi uliza machache. Posho ni kiasi gani, na hutolewa mwisho wa mwezi au mwisho wa mkataba? Nani atakufundisha, naye huwapo kila siku au huonekana Ijumaa tu? Jina lako litaandikwa kwenye kumbukumbu kama mtu aliyeandaa maelezo? Ukikuta faili la hospitali au la gereza lenye majina ya watu ambao huenda bado wako hai, unampelekea nani? Hilo la mwisho si dogo, kwa kuwa tunayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na picha ya simu iliyotumiwa marafiki kwa mzaha inaweza kukuponza. Omba pia barua itakayotaja kazi uliyofanya, maboksi mangapi na ya mkusanyo gani. "Alikuwa mwenye bidii" haimwambii mwajiri lolote.

Na siku ya kwanza beba sweta, kwa sababu ghala nzuri huwa na baridi. Chai iache nje. Kalamu ya wino pia iache. Ndani utaandika kwa penseli.