Fomula iliyoishia mstari wa 44
Ukikabidhiwa lahajedwali, usibabaishwe na urefu wa fomula. Tazama inaanzia wapi na inaishia wapi. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff waliandika kwamba nchi tajiri zikiwa na deni la umma linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa, uchumi wao husinyaa kwa wastani wa asilimia 0.1. Wanasiasa wa kubana matumizi, Ulaya na Marekani, wakaishika makala hiyo kama msahafu. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, akalipata faili la lahajedwali walilotumia. Wastani ulichukuliwa kwenye seli L30:L44 badala ya L30:L49, na Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark zikabaki nje. Tuseme haki: kosa hilo peke yake halikuvuruga mengi, kilichoharibu zaidi ni miaka iliyoachwa na uzito waliozipa nchi. Hesabu mpya ilitoa ukuaji wa asilimia 2.2. Programu haikunung'unika, maana ilijumlisha ilichoambiwa. Na wewe mweka hazina wa kikoba, uliyeandika SUM(B2:B31) kisha ukamwingiza mwanachama mpya kwenye B32, usidhani jumla itamfuata kila mara. Andika COUNT ya eneo hilohilo pembeni, ulinganishe na idadi ya wanachama kabla hujasoma jumla mbele ya kikao.