Kijipicha Kisiibe Kina

Neno kijipicha limekwisha kuingia katika tovuti za Kiswahili, nami sina ugomvi nalo. Wapo wanaoshikilia kwamba kipicha kingetosha, kwa kuwa kiji- ni ya mashina mafupi kama katika kijiti na kijito. Hoja hiyo ina uzito, lakini neno limekwisha kukaa. Ugomvi wangu ni namna kinavyotengenezwa.

Tuchukue picha ya Milima ya Uluguru iliyopigwa kutoka mjini Morogoro: Lupanga upande mmoja, Bondwa na minara yake ya mawasiliano upande mwingine. WordPress, isipoelekezwa vinginevyo, hutengeneza kijipicha cha pikseli 150 kwa 150, na ili kuupata mraba huo huikata picha na kubakiza katikati. Picha yenye upana wa pikseli 1500 na kimo cha 1000 hupoteza theluthi ya upana wake. Vilele vyote viwili vyaweza kutoweka, likabaki wingu lililokuwa kati yao.

Kwa mlima nasamehe, mlima haujali. Kwa shairi siwezi. Ubeti wa tarbia wenye mizani 16 kwa kila mshororo, ukipigwa picha kwa mapana kisha ukakatwa vivyo hivyo, hupoteza mwanzo wa ukwapi na mwisho wa utao. Kina cha kati husalia, kina cha mwisho hutupwa! Karatasi iliyosimama wima huumia zaidi, maana hukatwa juu na chini, palipo anwani na jina la mtunzi. Apitiaye orodha huona maandiko yasiyo na mwenyewe.

Wengine hukwepa kwa kupakia picha kubwa na kuiachia violezo viifinye. Kina huokoka, bando la msomaji huliwa: picha 20 za megabaiti 4 kila moja ni megabaiti 80 kabla hajasoma shairi hata moja.

Dawa haihitaji fundi bingwa. Katika mipangilio ya picha kipo kisanduku cha kukata. Kiondolewe alama, na kijipicha kitapunguzwa kikiwa kizima. Vilivyokwisha kuhifadhiwa havitabadilika vyenyewe, sharti vizalishwe upya. Safu za ukurasa zitakuwa na vimo tofauti, jambo linalowaudhi wasanifu. Mimi haliniudhi hata kidogo, mradi jina la mtunzi linasomeka.