Tarakilishi hazijafika, lakini somo laweza kuanza

Wiki iliyopita nilifungua daftari la mpwa wangu aliye gredi ya 8 katika shule moja ya umma hapa Kilifi. Somo ni Pre-Technical. Ukurasa mzima amechora sehemu za tarakilishi: kibodi, kipanya, skrini, kichapishi. Mistari imepigwa kwa rula, rangi imepakwa, mwalimu ametia tiki nyekundu. Nikamuuliza kama hicho kipanya amewahi kukishika. Akacheka tu.

Simlaumu mwalimu. Sekondari msingi ilipoanza Januari 2023, Sayansi ya Tarakilishi lilikuwa somo la hiari. Masomo yalipopunguzwa hadi tisa mwaka 2024, likatiwa pamoja na Biashara ndani ya Pre-Technical. Sasa mtu mmoja anatarajiwa kufundisha usalama wa karakana, uchoraji, hesabu za biashara na tarakilishi, hata kama chuoni alisomea Kiswahili na Dini. Akikosa mashine, na hana mafunzo, atafanya nini ila kuchora ubaoni?

Mjadala wetu kama taifa nao umekwama kwenye vifaa. Mwaka 2013 tuliahidiwa vipakatalishi vya darasa la kwanza. Kuanzia 2016 vikaja vishikwambi, zaidi ya milioni moja nchi nzima. Mwaka 2022 Taasisi ya Kukuza Mitaala (KICD) ikaidhinisha mafunzo ya kuandika programu kwa shule za msingi na za upili. Kila mara tunauliza vimefika vingapi na vimefungiwa kabati gani. Ni nadra kumsikia mzazi akiuliza mtoto anafundishwa kufikiri vipi.

Na hicho ndicho kiini cha somo. Mwaka 2006 msomi wa Marekani, Jeannette Wing, aliandika makala yaliyolipa jambo hili umaarufu: kwamba namna ya kufikiri ya wanatarakilishi ni ujuzi wa kila mtu, kama kusoma na kuhesabu. Maana yake ni kulivunja tatizo kubwa vipande vipande, kuona kinachojirudia, kuacha yasiyohitajika, kisha kuandika hatua ambazo mwingine atazifuata bila kukuuliza. Huko New Zealand, tangu miaka ya 1990, wahadhiri wamekuwa wakitunga masomo ya aina hii yanayotumia kadi na chaki, bila mashine hata moja.

Sisi Pwani hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Neno algorithimu lenyewe limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahesabu wa Baghdad wa karne ya 9. Kitabu chake cha aljebra kina sehemu ndefu kuhusu wasia na mirathi. Kwa hivyo anapokaa maalimu wetu chuoni kuwafundisha watoto kugawa mali ya maiti, anafundisha algorithimu, ila hajaambiwa kwamba inaitwa hivyo.

Nilimjaribu mpwa wangu. Mtu amefariki, ameacha mke, mtoto wa kiume mmoja, wa kike wawili, na shilingi 520,000. Mazishi na madeni ni shilingi 40,000, wala hakuacha wasia. Andika hatua. Akakimbilia kumpa mke thumuni yake, akapata 65,000. Nikamwambia, na mwenye deni je? Akafuta. Safari hii akaanza kwa kutoa mazishi na madeni, zikabaki 480,000. Thumuni ya mke ikawa 60,000. Zilizobaki, 420,000, akazigawa mafungu manne: mvulana mawili, 210,000, na kila msichana moja, 105,000. Kosa lake la kwanza ni lile lile linalowasumbua waandishi wa programu: hatua zote ni sahihi, mpangilio ndio mbovu.

Kisha nikamwambia aandike ili hatua zile zifae familia yoyote. Hapo ndipo kazi ilipomkaza. Ikiwa marehemu ana mtoto, mke hupata thumuni. Ikiwa hana, robo. Baada ya dakika kumi hivi akauliza, "Na akiwa na wake wawili, mjomba?" Nikamwambia watagawana fungu lile lile. Akaongeza mstari. Kalamu na karatasi tu, na umeme ulikuwa umepotea tangu magharibi.

Katika darasa lenye watoto wa dini mbalimbali, kama yalivyo madarasa yetu mengi, mwalimu anaweza kutumia bahari. Maji kujaa huchelewa takriban dakika 50 kila siku, na bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Mwanafunzi akiandika saa za kujaa kwa wiki mbili ataona mtindo, na ataweza kukisia za wiki ya tatu. Mvuvi yeyote atamsahihisha.

Lakini nisieleweke vibaya, maana najua wakubwa watakaofurahi kusikia kwamba tarakilishi hazihitajiki. Zinahitajika. Karatasi haimwonyeshi mtoto kosa lake. Nilikuwepo mimi kumuuliza habari ya deni. Mashine hukataa papo hapo, na mtoto hujifunza kurekebisha mwenyewe mara ishirini bila haya. Anayeanza na karatasi asipopata mashine baadaye atabaki na nusu ya elimu. Na muda hausubiri: akimaliza gredi ya 9 atachagua mkondo, na serikali inalenga asilimia 60 ya wanafunzi waingie STEM. Atashindana na watoto wa shule za kibinafsi za Nyali wanaotumia tarakilishi kila wiki.

Watu wengi huenda kwa gavana kulalamikia hili. Kikatiba kaunti inasimamia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji, si sekondari msingi. Anayepaswa kuulizwa ni mbunge, kwa kuwa fedha za NG-CDF huruhusiwa kujenga na kukarabati madarasa na maabara. Chumba kimoja chenye umeme, mlango wa chuma na tarakilishi kumi, shule tatu jirani zikipokezana siku, si ombi kubwa. Walimu wa Pre-Technical nao wapewe mafunzo wakati wa likizo, na waelezwe waziwazi kwamba zoezi la mirathi au la maji kujaa ni somo halali, wasije wakaogopa mkaguzi akiwakuta hawajachora kibodi.