Ukilazwa, Itaje Dawa ya Damu

Moyo unaopiga bila mpango huweza kuifanya damu igande ndani yake. Bonge likifika ubongoni, mtu hupooza. Ndiyo sababu wagonjwa wengi wa namna hii humeza warfarini.

Mgonjwa akilazwa, jamaa wapeleke vidonge vyake na kadi yake, wamweleze daktari kiasi anachomeza na siku aliyomeza mwisho. Kipimo cha damu kiitwacho INR kwa kawaida hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3: kikipungua, damu huelekea kuganda, kikizidi, huvuja. Msimpenyezee aspirini wala mitishamba. Fizi zikitoka damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, mwiteni muuguzi mara moja.

Askari hafyatui risasi bila amri; dawa hii nayo haiachwi wala haiongezwi bila amri ya daktari.