Aliyeona Kwanza Anyamaze

Wiki tatu zilizopita, tukimngoja mwalimu aliyecheleweshwa na mvua, tulianza ubishi katika oditwari ambao mpaka leo haujaisha. Nilikuwa nimewasimulia wenzangu mchezo niliojifunza Ubelgiji, nilipokaa miezi mitatu mjini Liège kwa mafunzo. Mmoja akasema mchezo kama huo ni wa mtu peke yake, kwa maana ukiwa na watu utaharibika. Mwingine akamjibu: "Peke yako? Ukishapata, utamwambia nani?" Wakanitaka mimi niliyeucheza niamue. Siku ile sikuamua. Naamua leo kwa maandishi, nikijua kwamba si wote watakubali.

Kwanza niueleze. Mchezo unaitwa geocaching. Hapa nitauita jiokashi. Mtu anaficha kopo au kisanduku chenye daftari dogo ndani yake, kisha anatangaza kwenye intaneti namba za latitudo na longitudo za mahali alipokificha. Wewe unakwenda na simu yako au kifaa cha GPS, unatafuta, unaandika jina lako na tarehe katika daftari, na kurudisha kisanduku palepale. Kukiwa na vitu vidogo ndani, ruhusa kuchukua kimoja, ila uache kingine chenye thamani sawa au zaidi.

Mchezo huu tunajua siku ulipozaliwa. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS waliyoyapokea raia, na kosa la mita 100 hivi likashuka chini ya mita 20. Kesho yake Dave Ulmer alificha ndoo msituni karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, likiwemo ndani yake kopo la maharagwe, akatangaza namba zake. Hazikupita siku nyingi Mike Teague akaiona. Jina la mchezo lilikuja baadaye, kwa kuunganisha neno la Kigiriki la dunia na neno la Kifaransa *cache*, ambalo sisi tuliosomea Kifaransa hatuhitaji kamusi kulielewa. Kiingereza kililichukua kwa wawindaji Wafaransa wa Kanada, waliofukia chakula na ngozi zao ardhini ili wazikute wakirudi.

Sasa turudi kwenye ubishi wetu. Mara ya kwanza nilicheza peke yangu, kwenye mteremko ulio juu ya ngazi za Bueren, zile ngazi 374 zinazopanda kuelekea ngome ya zamani ya Liège. Siwezi kusema uongo: ilikuwa asubuhi nzuri sana. Hakuna aliyenihimiza. Nilisimama nilipotaka, nikasoma maandishi ya ukutani, nikatazama mto Meuse chini. Simu ikanifikisha karibu, kisha ikashindwa, maana chini ya miti na kati ya kuta za mawe GPS hukosea mita kadhaa. Hapo ndipo mchezo unapoanza. Unaacha kutazama simu, unaanza kutazama dunia: jiwe gani limekaa vibaya, tundu gani limechongwa na mkono wa mtu?

Nilikuwa nimeingiza mkono nyuma ya bomba la maji aliposimama bibi mmoja mzee na mbwa wake. Akaniuliza kwa adabu kama nimepoteza kitu. Nikamjibu kwamba nimeangusha ufunguo. Akabaki amesimama, akinitazama jinsi ninavyotafuta ufunguo ambao haukuwepo. Sikumlaumu. Mtu mweusi, peke yake, mkono wake umezama katika ukuta wa watu: hata mimi ningesimama. Wachezaji wana neno la kuwaita wasiocheza, la Muggles, walilolitoa katika hadithi za Harry Potter za J. K. Rowling, na sheria inasema usionwe nao. Ni sheria nyepesi kwa mtu ambaye macho ya mtaa hayamfuati. Niliondoka bila kukiona kisanduku, na ule uongo wangu mdogo ukaniuma zaidi ya kukikosa.

Kwa hiyo, anayeniambia kwamba utamu wa kutafuta uko katika upweke, namuuliza: upweke wa nani? Kuna watu ambao upweke wao huitwa matembezi, na wengine ambao upweke wao huulizwa maswali.

Lakini msifurahi mapema, nyinyi mnaopenda kundi. Mara ya pili nilikwenda na watu watano. Hakuna aliyetuuliza kitu, kweli. Tulicheka njia nzima. Tulipofika, kabla sijainama hata mara moja, mmoja akapiga kelele: "Hiki hapa!" Kazi ikaisha. Tukaandika majina sita katika daftari, na langu lilikuwa uongo wa pili, maana mimi sikuwa nimeona kitu. Nilikuwa nimesindikiza tu.

Mara ya tatu tulikuwa watatu, na mmoja wetu alikuwa mzoefu. Kabla ya kuanza alitufundisha desturi moja ya wachezaji wanaotembea pamoja. Anayekiona kisanduku hakigusi wala hakitazami tena. Anaendelea kutembea, anafika mbali kidogo, anakaa, kisha anatamka neno ambalo wote wamekubaliana. Wengine wanajua kwamba kimeonekana, lakini hawajui kilipo. Wanaendelea kutafuta mpaka kila mmoja akione kwa macho yake na kwenda kukaa. Wa mwisho ndiye anayekitoa.

Siku hiyo wa mwisho nilikuwa mimi. Wenzangu wawili walikaa juu ya ukuta karibu robo saa wakiningoja, bila kunicheka na bila kunipa dokezo. Nilipokiona, kikiwa ndani ya kigogo cha bandia kilichofanana na vigogo vyote, furaha yangu ilikuwa ileile ya mtu aliye peke yake, na walikuwepo wawili wa kuishuhudia. Ndipo nilipolipata jibu ninalowaletea: kutafuta pamoja ni bora, kwa sharti kwamba aliyeona kwanza anyamaze.

Niliporudi Lubumbashi tulijaribu wenyewe. Mwenzetu mmoja alificha kopo tupu la maziwa ya unga kwenye mojawapo ya vichuguu vya kwetu, vile vinavyozidi mapaa ya nyumba kwa urefu. Tulikwenda wanne, saa kumi jioni. Mama mmoja aliyekuwa akitoka shambani akatuuliza: "Muko natafuta nini pale?" Tukamjibu: "Tuko nacheza, mama." Akashangaa: "Batu bakubwa beko nacheza!" Akacheka na kuendelea na njia yake. Fikirini kama angemkuta mmoja wetu peke yake, jua likizama, akifukua chini ya kichuguu. Angeitwa mwizi anayeficha mali, au jina baya zaidi ya hilo. Kwetu, kuwa na wenzako ni maelezo tosha kabla hujaulizwa.

Rafiki yangu anayetetea upweke ana hoja moja ambayo sitaikwepa. Anasema anayetafuta peke yake hayuko peke yake kamwe: yuko na yule aliyeficha. Anajiuliza huyo alifikiri nini, alitaka nitazame wapi, kama vile msomaji na mwandishi wanavyokutana katika kurasa bila mtu wa tatu. Ni kweli, na mbele ya kitivo cha lugha hoja hiyo ina nguvu. Lakini yule aliyekuwa amekaa ukutani hakuuvunja mkutano wangu na aliyeficha. Aliulinda. Anayeuvunja ni yule anayesema "hiki hapa".

Na sisi tunao wengi wa namna hiyo. Tazameni kazi zetu za vikundi. Mwalimu anatoa maandiko ya kuchambua kwa watu sita. Mmoja mwenye mbio anaona jibu, analisema, wengine wanaliandika, na karatasi inarudi na majina sita. Tunaliita hilo ushirikiano. Mtihani unapofika tunashangaa kwamba watano hawajui njia, ilhali hawakuipita. Wengine, kwa kuchoshwa na hayo, wanajitenga na kusoma peke yao, na wanapokwama hakuna anayejua kwamba wamekwama. Tumejifungia katika mambo mawili, kelele au upweke, kana kwamba hakuna la tatu.

La tatu lipo. Wahenga walisema mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Mimi naongeza kwamba huchelewa kuchoka akijua mwenzake ameshaona, anamngoja, na anaamini kwamba naye ataona. Mwenzetu aliye mwepesi akishapata jibu, atuambie tu kwamba lipo, kisha akae. Nakiri kwamba si rahisi. Pale kwenye kichuguu, aliyekiona kwanza nilikuwa mimi, na dakika zile za kufunga mdomo zilinishinda karibu kabisa.

Kopo bado lipo. Ndugu wasomaji wanaotaka kunipinga waje wanne wanne. Namba za mahali nitawapa. Ila mkishaliona, tafadhali, msimwambie anayekuja nyuma.