Jina Gani Hilo Lililombeba?

Mwanamichezo wa kulipwa akitundika daluga na kuingia kwenye filamu, hukumu huwa imeshaandikwa: amebebwa na jina. Kauli hiyo ilisikika tena katika kipindi kimoja cha michezo redioni, na mfano uliotolewa ni uleule wa siku zote: Kobe Bryant, aliyetwaa Oscar mwaka 2018 kwa filamu fupi ya katuni, Dear Basketball. Ushahidi uliishia hapo, yakafuata matangazo.

Anayeivuruga hesabu hiyo ni Matthew A. Cherry wa Chicago. Alicheza mpira wa Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Akron, Ohio, na mwaka 2004 timu za ligi ya NFL zilipochagua vijana wa vyuo, jina lake halikuitwa. Alijipenyeza kwa mlango wa nyuma: Jacksonville, Cincinnati, Carolina, Baltimore. Timu nne, na muda mwingi akiwa kwenye kikosi cha mazoezi, yaani wale wanaojifanya wapinzani katikati ya wiki ili wenzao wajipime, kisha siku ya mechi hawavai jezi. Huyo ndiye mwenye jina.

Mwaka 2007 aliachana na mpira, akahamia Los Angeles, akaanza kama kijana wa kutumwa kwenye seti: lete kahawa, zuia wapita njia, ondoka wa mwisho. Wenye majina hawatumwi kahawa. Kutoka hapo alipanda hadi kuongoza video za muziki, na mwaka 2012 ikatoka filamu yake ndefu ya kwanza, The Last Fall, inayomhusu mchezaji wa NFL ambaye timu hazimtaki tena na anarudi nyumbani mfuko ukiwa mtupu. Mwaka 2016 alitoa 9 Rides, kisa cha dereva wa gari la kuitwa kwa simu usiku wa mkesha wa mwaka mpya, na filamu nzima aliipiga kwa iPhone. Mwenye jina la kumbeba angepewa kamera.

Wapo wanaoshikilia kwamba mchezaji hajui filamu kwa kuwa hakuisomea. Hoja hii inachekesha. Mchezaji wa NFL hukaa gizani saa nyingi kila wiki akitazama picha za mechi, akirudisha nyuma sekunde tano mara ishirini ili aone beki alitanguliza mguu upi. Wanaomhukumu, wengi wao wachambuzi ambao hawajawahi kukimbia hata kulifuata basi, hutazama mara moja na kuongea saa tatu.

Wengine husema pesa za mpira ndizo zilizomtengenezea filamu. Basi ni ajabu kwamba mwaka 2017 alilazimika kuchangisha kwa umma kupitia Kickstarter. Aliomba dola 75,000, akapata zaidi ya 280,000. Jina halikuwapo la kuwavuta wachangiaji. Lililowavuta ni wazo la baba mweusi anayejaribu kumsuka bintiye.

Wazo hilo likawa Hair Love, katuni ya dakika zisizofika saba iliyotoka mwaka 2019. Baba anashika kitana, anazitazama nywele za bintiye, Zuri, na ghafla yumo ulingoni amevaa glovu za ndondi, nywele zikimtwanga hadi sakafuni. Anashindwa, anataka kuzifunika kwa kofia, mtoto analia. Baadaye wanafuata pamoja mafunzo ya video yaliyoachwa na mama, na picha inapohamia hospitali ndipo inapojulikana mama yuko wapi na kwa nini kichwa chake kimefungwa kitambaa.

Tarehe 9 Februari 2020 filamu hiyo ilipata Oscar ya katuni fupi. Jukwaani, Cherry aliitoa tuzo hiyo kwa heshima ya Kobe Bryant, aliyekuwa amefariki wiki mbili tu kabla.